Kipimo Kimesema Si Malaria: Maswali Yenu Kuhusu Homa za Watoto

Tangu mvua zianze, barua nyingi zinazoletwa kwenye ukurasa huu ni za homa. Nimechukua tatu. Ya kwanza naijibu kwa kirefu kwa sababu ina jambo ambalo kila mzazi anayeishi kwenye mbu anapaswa kulijua kabla halijamkuta.

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu wa kiume ana miaka sita. Jumapili jioni alirudi kutoka kucheza mwili unachemka, analalamika kichwa, nyuma ya macho, mgongo na miguu. Kesho yake nikampeleka zahanati ya jirani. Wakampima malaria, wakasema hana, lakini wakaniandikia dawa mseto ya malaria "kwa usalama" pamoja na antibiotiki. Jirani akanigawia diklofenaki za kutuliza maumivu, nikampa mara mbili. Alhamisi asubuhi mwili ulikuwa umepoa kabisa. Nikamshukuru Mungu, nikaenda kazini. Mchana bibi yake akanipigia simu: mtoto anatapika, tumbo linamkata, amejikunja kitandani na hataki hata kutazama katuni. Hospitali wakampima, wakasema ni dengue, akalazwa na kuwekewa dripu. Sasa amepona. Naomba kujua: kwa nini alizidiwa wakati homa imeshashuka? Kwa nini kule zahanati hawakuiona? Na je, anaweza kuugua tena? Ana mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu.
Mama wa Wawili, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Bibi wa mtoto huyo mpe mkono wa shukrani kwa niaba yangu. Aliona kitu ambacho kipimajoto hakikuonyesha.

Naanza na hiyo Alhamisi. Dengue ni ugonjwa wa virusi unaoletwa na mbu. Homa yenyewe ya dengue huchukua kati ya siku mbili na saba. Wagonjwa walio wengi, joto likishashuka, hamu ya kula hurudi na habari inaishia hapo. Lakini kwa wachache, siku ileile joto linaposhuka, mishipa midogo ya damu huanza kuvujisha majimaji. Majimaji hayo hutoka kwenye damu na kujikusanya tumboni na pembeni ya mapafu. Damu inayobaki kwenye mishipa inakuwa nzito na haitoshi, presha inaporomoka, mikono na miguu inapoa. Mama anagusa paji la uso, anasema mtoto amepona, kumbe ubaridi ule ni wa damu kushindwa kufika kwenye ngozi.

Kipindi hiki cha hatari huchukua saa 24 hadi 48, na kwa kawaida huangukia kati ya siku ya tatu na ya saba tangu homa ianze. Wako homa ilianza Jumapili, akazidiwa Alhamisi. Ndiyo maana huwa nawaambia wazazi waandike tarehe na saa homa ilipoanza, hata kwa kalamu ukutani. Mganga akiuliza "homa ina siku ngapi?", jibu la "siku kadhaa" halimsaidii. Jibu la "leo ni ya tano" linamfanya asimame.

Sasa, utamtambuaje mtoto anayepona na anayeharibikiwa? Mtoto anayepona homa ikishuka anaomba chakula, anagombania rimoti na dada yake. Anayeharibikiwa homa inashuka na yeye anashuka nayo. Tumbo linauma na anakataa kuguswa. Anatapika tena na tena. Fizi au pua zinatoka damu, au choo kimekuwa cheusi kama lami. Anapumua harakaharaka. Amelegea, au kinyume chake, anahangaika na kulia bila kutulia. Hajakojoa kwa saa sita. Ukiona hata moja ya hizo usisubiri jioni, usisubiri baba arudi. Mpeleke kwenye kituo chenye vitanda na maabara. Yule aliyelazwa mapema akapewa maji ya mshipani kwa kipimo sahihi, mara nyingi anarudi nyumbani. Huu si wakati wa kuonyesha ujasiri wa kuvumilia.

Virusi hivi havina dawa ya kuviua. Kinachomvusha mtoto ni maji, na kuangaliwa. Akiwa nyumbani mpe ORS, maji ya madafu, uji mwepesi, supu, kidogokidogo lakini mchana kutwa. Lengo lako ni mkojo: akikojoa kila baada ya saa nne hadi sita, unaenda vizuri. Juisi ya rozela na soda nyekundu ziweke kando kwa wiki hiyo. Akizitapika, wewe na daktari mtashindwa kujua kama ni rangi au ni damu.

Kwa homa na maumivu ni parasetamoli peke yake. Mtoto wa kilo 20 anatosha nusu ya kidonge cha miligramu 500, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku nzima. Kama bado ana joto kati ya dozi, mfute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hapana. Dengue inapunguza chembe zinazogandisha damu, na dawa hizo zinazidisha hatari ya kutoka damu tumboni. Jirani yako alikutakia mema, najua. Dawa hizi zimejaa kwenye mikoba ya kina mama mijini kwa sababu ya mgongo na hedhi, na zinatolewa kwa upendo. Kwa mtoto mwenye homa isiyojulikana, zikatae kwa upendo uleule.

Kuhusu zahanati. Ukikaa kwenye meza ya maabara utaona kipimo cha haraka cha malaria kina dirisha dogo. Mstari mmoja kwenye C maana yake kipimo kinafanya kazi na malaria haijaonekana. Mistari miwili, C na T, ni malaria. Hakuna mstari wa dengue pale, wala wa chikungunya, homa nyingine ya virusi inayoletwa na mbu, wala wa mafua. Kwa hiyo kipimo kilimjibu mganga swali moja tu, na kilijibu vizuri. Kilichofuata ndicho kinachonisikitisha: badala ya kusema "si malaria, sasa tutafute kingine", aliandika dawa ya malaria.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye zahanati za mkoani Morogoro kabla ya kuhamia Dar es Salaam, na naijua ile hali. Foleni imefika kwenye mwembe. Mama ametembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni. Ukimwambia arudi na parasetamoli na maji, anakuona humjali. Mseto upo kabatini, dengue haina kipimo pale. Mkono unaandika wenyewe. Lakini hasara yake ni kubwa, kwa sababu dawa ya malaria humpa mama utulivu usio wa kweli. Anaamini mtoto yuko kwenye tiba, na homa ikishuka siku ya nne anaamini tiba imefanya kazi. Yaani dozi isiyo na kazi ndiyo inayomfanya aende kazini Alhamisi. Sikulaumu wewe hata chembe. Naulaumu mwandiko ule kwenye cheti.

Na hili si la zahanati moja. Pale Moshi, mwaka 2007 na 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa homa. Waliokuwa wameandikiwa malaria ni 528. Waliokutwa nayo kweli ni 14. Kati ya 700 waliopimwa chikungunya, 55 walikuwa nayo, na chikungunya haikuwa hata kwenye mawazo ya watu. Mwaka 2008 huohuo, Dar es Salaam na Ifakara, walichunguzwa watoto 1,005 wenye homa waliokuja kutibiwa na kurudi nyumbani: malaria ilikuwa kwa takriban mmoja katika kila kumi, na ugonjwa wa virusi kwa saba katika kila kumi, vingi vikiwa vya mafua na kifua. Kilosa nako, hospitali ya wilaya, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta dengue na chikungunya kwa watoto wenye homa waliokuja kutibiwa, mahali ambapo kila homa ilikuwa na jina moja. Jirani zetu wa Kenya walipopima damu za watoto wenye homa upande wa Kisumu mwaka 2014 na 2015, walikuta dengue inapita kimyakimya, mjini na kijijini, bila mlipuko wowote kutangazwa.

Naomba nisieleweke vibaya. Malaria bado inaua watoto, na kipimo chake ndicho cha kwanza kwa kila mtoto mwenye homa, kila mara. Kikiwa chanya, atibiwe siku hiyohiyo. Homa ikiendelea siku mbili baada ya kipimo kuwa hasi, apimwe upya. Na mtoto anaweza kuwa na malaria na kirusi kwa pamoja, kwa hiyo hata aliyepewa mseto kwa haki aangaliwe siku homa inaposhuka. Ninachoomba ni kwamba jibu la "hana" liheshimiwe kama jibu. Ukiwa pale dirishani una haki ya kuuliza kwa adabu: "Daktari, kama si malaria, tunafikiria nini? Nimrudishe lini?" Kama kituo kina uwezo, omba picha kamili ya damu, yaani kipimo cha kuhesabu chembe za damu, na kipimo cha dengue. Siku tano za mwanzo kinatafutwa kirusi chenyewe, baada ya hapo zinatafutwa kinga ambazo mwili umezitengeneza. Ndiyo sababu nyingine ya kuandika tarehe.

Je, ataugua tena? Inawezekana. Dengue ina aina nne. Aliyeugua aina moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya hiyo, na zile tatu bado zinaweza kumpata. Mara ya pili, ikiwa ni aina nyingine, ndiyo yenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kali. Basi kwenye daftari lake la kliniki andika kwa herufi kubwa: ALIUGUA DENGUE, na mwezi na mwaka. Kila atakapopata homa lioneshe.

Huyo mdogo wake ndiye anayenifanya nikuombe ufanye kazi wikiendi hii. Mbu wa dengue anaitwa Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, na anauma mchana, hasa asubuhi na kabla ya magharibi. Haruki mbali. Aliyemuuma kaka mtu huenda alizaliwa ndani ya ua wenu au wa jirani wa ukuta. Na siku zile mtoto alipokuwa na homa, damu yake ilikuwa na virusi, mbu yeyote aliyemuuma anaweza kuwa amevibeba. Siku nyingine mgonjwa wa namna hii alale ndani ya chandarua hata mchana. Mtoto mdogo naye akisinzia saa nne asubuhi, chandarua.

Wakati wa mlipuko wa 2014, ambao watu zaidi ya 1,000 walithibitishwa kuugua, wengi wao hapahapa Dar es Salaam, tulipita nyumba kwa nyumba na tochi. Watu walituonyesha mtaro wa barabarani, maji meusi yananuka, wakitaka upigwe dawa. Kwenye mtaro ule tulikuta viluwiluwi vya mbu wengine, wale wanaopiga kelele usiku. Aedes anapenda maji masafi yaliyotulia, kwenye chombo. Tulimkuta kwenye trei ya nyuma ya friji, ile inayokusanya maji ambayo mwenye nyumba hajui kama ipo. Kwenye sahani za chini ya vyungu vya maua. Kwenye tairi ambalo watoto wamelifanya kiti. Kwenye kopo la kuku, na vifuu vya nazi vilivyotupwa nyuma ya jiko. Ndani ya sebule nadhifu yenye makochi ya kitambaa, nilipiga tochi kwenye chombo cha maua nikaona vinachezacheza.

Chukua brashi. Yai la Aedes hugandishwa kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na linaweza kukaa pakavu miezi mingi likisubiri mvua. Kumwaga maji peke yake kunayaacha mayai palepale. Mwaga, sugua kwa brashi na sabuni, kisha funika au pindua chombo. Rudia kila wiki, siku ileile, kwa sababu kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku saba hadi kumi. Chombo kisicho na kazi kitoke nyumbani kabisa, na tairi litobolewe lisishike maji. Ongea na jirani wa ukuta afanye siku hiyohiyo.

SWALI: Habari za kazi daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, wilaya ya Tandahimba. Nina mwanafunzi wa miaka tisa aliyepata homa kali ya ghafla, vipele, na magoti na viwiko vya mikono vikavimba hata akatembea ameinama. Malaria hakuwa nayo. Yeye alirudi shule baada ya wiki mbili, lakini bibi yake aliyeugua pamoja naye bado hawezi kukamua nguo, na sasa ni mwezi wa pili. Wengine wanasema ni ugonjwa wa mjini umeletwa na wageni, wengine wanasema mengine nisiyotaka kuyaandika. Sisi huku hatuna friji wala maua ya vyungu. Ni nini?
Mwalimu, Tandahimba

JIBU: Mwalimu, asante kwa kuwasemea. Bila kipimo siwezi kuapa, lakini unavyoeleza ni sura ya chikungunya: homa ya ghafla, maumivu ya viungo kuliko maumivu mengine yote, na mkubwa kuteseka muda mrefu kuliko mdogo. Watoto wengi hupona ndani ya wiki chache. Kwa watu wazima viungo vinaweza kuuma miezi. Bibi asikate tamaa. Na wala hakurogwa, waambie hivyo kwa sauti.

Hao wanaosema ni ugonjwa wa wageni, wasimulie historia ya mahali pao. Chikungunya ilielezwa kitabibu kwa mara ya kwanza duniani kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, wilaya ya Newala ya wakati huo. Madaktari Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955. Yaani ulimwengu umeujifunza ugonjwa huu kutoka kwa mababu wa wanafunzi wako.

Friji hamna, lakini maji mnahifadhi, tena kwa shida. Uwanda ule hauna mito juu, maji yanatafutwa mbali, na kila tone la mvua linawekwa kwenye pipa, ndoo na tangi. Mbu anafuata hilo. Lamu, kule pwani ya Kenya, ilipopigwa na ukame mwaka 2004, watu wakaweka maji ndani ya nyumba, na chikungunya ikawapata takriban robo tatu ya watu wa mji ule. Siwezi kukuambia mmwage maji mliyoyatafuta kwa jasho. Fungeni kitambaa chepesi kilichobana kwenye mdomo wa kila pipa, hata cha kanga iliyochakaa, kisiwe na tundu la kupitisha mbu. Kila pipa linapoisha, lisuguliwe kabla ya kujazwa. Watoto wa darasa la tano wanaweza kazi ya ukaguzi, na wana macho makali ya kuona viluwiluwi.

Mambo mawili ya tahadhari. Siku za mwanzo za homa ya aina hii msitumie diklofenaki mpaka dengue iondolewe kwenye mawazo, kwa sababu zinafanana sana mwanzoni. Na mjamzito akipata homa hii siku za kukaribia kujifungua, ajifungulie kituoni na mtoto aangaliwe kwa karibu siku zote za wiki ya kwanza. Kirusi kinaweza kupita kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na kwa kichanga kinakuwa kikali. Kwa ujumla, mtoto wa chini ya miezi mitatu akipata homa yoyote, usimtibu nyumbani.

SWALI: Dokta, kama mbu wa dengue anauma mchana, chandarua cha nini tena? Na je, juisi ya majani ya mpapai inatibu? Mwaka 2019 huku Tanga kila mtu aliinywa.
Baba Mwenye Shaka, Tanga

JIBU: Chandarua kiendelee kuning'inia. Mbu wa malaria anauma usiku na hajaacha. Tena kuna kirusi kingine, o'nyong'nyong, ndugu wa chikungunya, kilichoanza kaskazini mwa Uganda mwaka 1959 na kuenea Kenya na kwetu hadi kuwapata watu takriban milioni mbili. Hicho kinaenezwa na mbu walewale wa malaria. Kwa mchana, vaeni nguo za mikono mirefu, pakeni dawa ya kufukuza mbu inayofaa umri wa mtoto, wekeni wavu madirishani, na muitumie ile brashi niliyomweleza mama wa Mbagala.

Majani ya mpapai: nakumbuka 2019, maelfu waliugua Dar es Salaam na Tanga na mipapai ikabaki vijiti. Nimewaona watoto wakishikwa pua na kunyweshwa, wakaitapika pamoja na maji yote waliyokunywa asubuhi, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa tiba yao. Mtu mzima anayejiamini anaweza kuamua mwenyewe. Mtoto usimpe, na hasa usimkalishe nyumbani siku ya nne na ya tano ukisubiri majani yafanye kazi. Mpe dafu, hesabu mara anazokojoa, na uwe na nauli ya kwenda hospitali mfukoni.